Samaki anayenona chini ya mwalo wa dhahabu

Simu zenyewe huingia alfajiri. "Dada, samaki wamekufa, kuna mtu kanimwagia sumu." Au, kwa huku kwetu Geita, kwenye wachimbaji wa dhahabu wanaoinasa kwa zebaki: "Ni zebaki tu hiyo, wale wa kule juu wametumaliza." Mimi nauza vifaranga vya sato na kambale, na aliyenunua kwangu akifiwa na samaki ananitafuta mimi kabla hajamtafuta afisa uvuvi. Ndivyo nilivyojikuta nusu ya kazi yangu ni biashara na nusu ni upelelezi kwenye mabwawa ya watu. Nilisomea ufugaji wa samaki Nyegezi, Mwanza, ngazi ya cheti. Mengine nimeyapata nikiwa nimekunja suruali, maji yako magotini.

Swali langu la kwanza ni lile lile siku zote: waliotangulia kufa ni wakubwa au wadogo?

Kama ni wakubwa, tena kabla ya jua kuchomoza, na waliobaki wanatweta juu ya maji lakini jua likipanda wanashuka zao chini, basi hiyo ni hewa. Samadi imezidi, mwani umejaa, na usiku mwani nao unavuta oksijeni kama samaki. Hapo mwacheni mchimbaji wa watu apumzike. Simu nyingi ninazopokea zinaishia hapo, na dawa yake ni kupunguza mbolea na chakula na kuongeza maji.

Lakini wakitangulia wadogo, saa yoyote ya mchana au usiku, hasa baada ya mtu kufungulia maji mapya au baada ya mvua kubwa, hapo naanza kufikiria sumu ya metali, kama shaba na zinki. Naenda ukingoni kuangalia konokono. Wako hai au wamefunga vifuniko na kuelea? Maji yaliyokuwa ya kijani juzi yameanza kuwa meupe ghafla? Samaki wameukimbia upande wa bomba la kuingizia maji na kurundikana kule maji yanakotoka nje ya bwawa? Halafu naokota mmoja aliyekufa hivi karibuni, namlaza kiganjani na kunyanyua kifuniko cha matamvua kwa ukucha.

Hapo ndipo metali nyingi huandika habari zake. Matamvua ya samaki mzima ni mekundu, nyuzi zake zimeachana, ukimzamisha majini zinapepea. Ya samaki aliyepigwa na shaba au zinki yamepauka, yamefunikwa na ute mzito wa rangi ya maziwa, nyuzi zimegandana. Watu wanadhani amekosa pumzi tu, na kweli pumzi imepungua, ila kuna jambo jingine. Samaki wa maji baridi anaishi kwenye maji yenye chumvi kidogo kuliko damu yake, kwa hiyo chumvi ya mwilini inavuja muda wote na matamvua ndiyo yanayoirudisha. Shaba inaziba njia ya sodiamu. Zinki, kadimiamu na risasi zinaziba njia ya kalisiamu. Samaki anakuwa majini, tumbo limejaa, na bado anaishiwa chumvi mwilini saa baada ya saa. Vifaranga, ambao miili yao ni midogo na chumvi yao ni kidogo, ndio wanaokwisha mapema.

Kuna mzee mmoja mstaafu, upande wa Chato, aliyenipa somo zuri kuhusu shaba. Aliogopa kichocho, na kwa mtu wa kando ya Ziwa Victoria hofu hiyo ina haki, maana konokono ndio wanaokibeba. Mwanawe akamshauri anunue mrututu kwenye duka la pembejeo. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye kiti chini ya mwembe, ametulia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mayu, karibu. Konokono wamekufa wote."

"Na samaki?"

"Samaki nao wamekufa. Lakini konokono ndio waliotangulia."

Alisema hivyo kwa fahari fulani, nami sikuweza kujizuia kucheka, naye akacheka. Mrututu ni salfeti ya shaba, na kweli unaua konokono na mwani. Wafugaji wa samaki duniani kote wanautumia kama dawa. Tatizo ni kipimo, na kipimo hakipatikani kwa kuangalia ukubwa wa bwawa peke yake. Unatakiwa kujua maji yako yana alkaliniti kiasi gani, yaani yana akiba gani ya kabonati inayoweza kuikamata shaba kabla haijafika kwenye matamvua. Kanuni ya kawaida ni kugawanya alkaliniti kwa 100, jibu ndilo miligramu za mrututu kwa lita moja ya maji. Bwawa la mita za mraba 200 lenye kina cha mita moja lina lita 200,000. Kama alkaliniti ni miligramu 100 kwa lita, bwawa zima linahitaji gramu 200. Alkaliniti ikiwa chini ya 50, mrututu usiuguse kabisa. Maji ya mvua na ya vijito vyetu vingi ni laini, na hata ziwa lenyewe maji yake ni laini. Mzee alikuwa amemwaga kilo nzima.

Kwa hiyo mtu anayeniuliza, "Shaba kiasi gani inaua sato?" simpi namba moja, maana kiasi ambacho bwawa moja linakivumilia kinamaliza vifaranga wa bwawa la jirani. Kinachotofautisha ni chokaa. Ndiyo maana nasisitiza chokaa ya kilimo imwagwe kwenye bwawa kabla ya kupandikiza, na siyo kwa ajili ya tindikali peke yake. Bwawa lenye chokaa ya kutosha linasamehe mengi.

Zinki nayo haipo mbali nasi. Ipo juu ya vichwa vyetu, kwenye bati. Mtu anajenga kituo cha kutotoleshea vifaranga, anapaua kwa bati jipya, anavuna maji ya mvua kwenye tangi na kuyapeleka kwenye matangi ya vifaranga kwa bomba la chuma lililopakwa zinki. Maji ya mvua ni laini kuliko maji yote, tena yana tindikali kidogo, yanalamba zinki njia nzima. Kubadilisha bomba likawa la plastiki na kuyapitisha maji kwenye pipa lenye changarawe ya chokaa huwa kunamaliza kesi. Na chuma cha maji ya kisima kirefu kila mfugaji anakijua hata kama hajui jina lake: maji yanatoka meupe pe, unayaacha kwenye ndoo, asubuhi yana kutu chini. Kutu hiyo hiyo inaganda kwenye mayai ya kambale na kuyanyima hewa. Yamwage kutoka juu yapigwe na upepo, yatulie kwenye tangi, kutu ishuke, ndipo uyatumie. Sina zaidi la kusema hapo.

Hizo zote nilizotaja, shaba, zinki na chuma, zina adabu moja: zinaua samaki, na samaki akifa mwenye bwawa anajua. Zinazoninyima usingizi ni zile zisizoua.

Kuna kaka mmoja aliyekuwa mchimbaji mdogo, akapata pesa kidogo kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, akaamua atoke. Alinunua shamba bondeni, akachimba mabwawa, akanunua vifaranga kwangu. Bonde lenyewe liko chini ya mwalo wa kuoshea dhahabu. Karasha zinasaga mawe juu kule, unga unaoshwa kwenye mbao zilizotandikwa magunia, na marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha, yanarundikwa kando ya kijito. Samaki wake walikuwa wanapendeza. Kambale wake walinona hadi watu wakawa wanapita kuwaangalia tu. Hakunipigia simu kwa sababu ya vifo. Alinipigia kwa sababu mnunuzi mmoja mwenye hoteli mjini, aliyejua bonde lile liko wapi, alimwambia hachukui samaki mpaka aone karatasi ya maabara.

Kaka yule alikasirika. "Dada, samaki mgonjwa ananenepa hivi?"

Swali zuri, na jibu lake ni ndiyo, anaweza kunenepa hivyo hivyo. Zebaki kwa viwango vinavyopatikana kwenye mabwawa kama yale haimkondeshi samaki, haimpaushi matamvua, haimbadilishi ladha wala harufu. Ukimfunua humkuti na chochote.

Tukachukua sampuli. Maji tuliyachukua kwenye chupa za maabara, tope tukalichota sehemu tatu: mlangoni maji yanapoingia, katikati, na mwisho kabisa. Samaki tuliwapima urefu na uzito, kisha nikakata nyama ya mgongo, nyuma ya kichwa, bila ngozi wala mfupa, kila samaki na mfuko wake. Wakati ule daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa, kwa hiyo, njiani kwenda Mwanza, tulikaa kwenye foleni ya kivuko na boksi la barafu mapajani, kila baada ya muda nafungua kuangalia barafu imebaki kiasi gani, abiria wenzetu wakidhani tunapeleka kitoweo kwa mkwe.

Majibu yalipotoka, kaka alisoma mstari wa kwanza akaridhika. Maji: zebaki haikuonekana. "Si umeona? Maji safi."

Nikamwambia aendelee kusoma. Tope la mlangoni lilikuwa na zebaki nyingi, la katikati kidogo, la mwisho kidogo zaidi. Sato walikuwa chini kabisa ya mpaka, yaani kiwango cha zebaki kinachoruhusiwa kwenye samaki. Kambale wa msimu ule walikuwa juu ya sato, ila nao chini ya mpaka. Na yule kambale mkubwa, aliyebaki bwawani kutoka mavuno ya nyuma akila wenzake na kila kilichoingia, alikuwa amevuka.

Ukielewa zebaki inavyosafiri, karatasi ile inaeleweka yote. Zebaki ya mchimbaji ni nzito, mara 13 na nusu ya maji, kwa hiyo haielei wala haiyeyuki kirahisi. Inazama na mchanga wake. Maji ya juu yanabaki safi na yanaweza kupimwa mwaka mzima yakasema safi. Chini kwenye tope jeusi lisilo na hewa, lile linalonuka yai bovu ukilikanyaga, kuna bakteria wanaoigeuza kuwa methili-zebaki, na hiyo sasa viumbe wanaifyonza na hawaitoi kwa urahisi. Minyoo wa topeni wanaipata, visamaki vinavyokula minyoo vinaipata zaidi, kambale anayekula visamaki anaijumlisha yote. Sato anayekula mwani na pumba yuko chini ya ngazi. Kambale mzee yuko juu yake. Ndiyo maana samaki wawili wa bwawa moja wanaweza kuwa na majibu mawili, na ndiyo maana tafiti zilizopima zebaki kwenye samaki wa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990 zimekuwa zikikuta sato wa ziwani yuko chini sana ya mpaka, wakati sangara mkubwa mla samaki ana zaidi. Nawaomba wasomaji wasiache kula sato wa ziwa kwa sababu yangu. Tatizo ninalolisema ni la mahali: vijito na mabonde yaliyo chini ya marudio. Rwamagasa, kijiji cha wachimbaji hapa hapa Geita, kilikuwa moja ya maeneo ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa zebaki miaka ya 2000 mwanzoni, kwa hiyo jambo hili si geni kwa serikali wala kwa wataalamu. Kilicho kipya ni sisi wafugaji kushuka na kuchimba mabwawa kwenye mabonde hayo hayo, kwa kuwa ndiko kuna maji.

Kisha tukaja kwenye mpaka wenyewe, na hapa ndipo nilipokaa na kalamu usiku mzima, nikapiga hesabu ambayo tangu hapo nimeirudia kwa watu wengi. Mpaka unaotumika sana kwa samaki wengi ni miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo moja ya samaki. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya chakula na ya afya ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2003 iliweka kiwango cha methili-zebaki ambacho mtu anaweza kula kwa wiki bila wasiwasi: mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 anapata mikrogramu 96 kwa wiki. Samaki aliye sawasawa na mpaka ana mikrogramu 0.5 katika kila gramu. Gawanya. Unapata gramu 192. Hiyo ni nyama ya sato mmoja wa sahani, au mapande mawili ya kambale, kwa wiki nzima.

Mwenye hoteli mjini anamuuzia mgeni anayekula samaki leo na wiki ijayo anakula nyama choma. Mpaka unamtosha. Lakini nyumbani kwa mfugaji samaki ndiyo mboga. Wasiouzika wanaliwa, waliokatika mkia wanaliwa, kambale mkubwa asiyeingia kwenye mzani wa mteja anachinjwa Jumapili. Samaki "aliyefaulu" maabara, akiliwa mara tano kwa wiki, anamfelisha mlaji. Nilipomaliza kumweleza yule kaka hesabu hii hakuniuliza habari ya hoteli tena. Mkewe alikuwa mjamzito.

Methili-zebaki inavuka kondo la nyuma na kwenda kwenye ubongo wa mtoto unaojengwa. Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwandani iliyomwagwa baharini ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, kulikuwa na akina mama walioonekana hawana dalili kubwa, wakajifungua watoto wenye ulemavu mzito. Viwango vya kule vilikuwa vikubwa mno, na sitaki kumtisha mtu kwa kulinganisha bonde letu na ghuba ile. Ila njia ya sumu ni ile ile, na mjamzito ndiye wa kwanza kubadilishiwa kitoweo: ale sato mdogo wa kulishwa pumba na mashudu, au dagaa, amwachie kambale mzee aliyemfuga.

Hapa kuna imani kadhaa za jikoni ambazo nazikuta kila nyumba. Ya kwanza, kwamba ukitoa matumbo na kuosha kwa ndimu sumu imeondoka. Kwa kadimiamu kuna ukweli kiasi, maana inapenda kukaa kwenye figo na ini. Risasi inapenda mifupa, magamba na matamvua, kwa hiyo anayekula samaki wadogo wazima na supu ya vichwa anapata zaidi ya anayekula mnofu. Zebaki imejishika kwenye protini ya mnofu wenyewe. Huioshi, huikaangi ikatoka, chumvi haiigusi. Ya pili, kwamba moshi unasafisha. Moshi unatoa maji tu, na maji yakitoka zebaki inabaki kwenye kilo chache. Kambale mbichi mwenye miligramu 0.2 kwa kilo yuko salama kwenye karatasi. Mkaushe mpaka abaki theluthi ya uzito wake, kilo ile ile ya mkavu sasa ina 0.6. Hakuna aliyemwongezea kitu.

Nilipanda kule juu na yule kaka, kwa kuwa wale vijana walikuwa wenzake wa zamani na mimi peke yangu wasingenisikiliza. Tulimkuta kijana anachekecha mchanga mweusi kwenye karai, zebaki ameitia kwenye chupa ndogo ya soda. Alimimina, akachanganya kwa mkono mtupu, akakamua kwenye kitambaa mpaka likabaki donge la rangi ya fedha, kubwa kama punje ya hindi, akaliweka kwenye kijiko juu ya jiko la mkaa. Watoto walikuwa wanacheza pale pale. Nilipomwambia habari ya samaki alinijibu kwa heshima kabisa: "Dada yangu, zebaki inazama. Haiendi popote."

Na hakuwa mjinga. Inazama kweli. Ila mvua ya kwanza ya vuli ikipiga, marudio yote yanashuka na kijito, na zebaki iliyojishika kwenye unga laini inashuka nayo. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: yale marudio yanauzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua dhahabu iliyobaki kwa kemikali ya sayanaidi, na sayanaidi ikikutana na zebaki inaiyeyusha. Iliyokuwa inazama sasa inasafiri na maji. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa 2013 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaja kazi hizo waziwazi miongoni mwa za kukomeshwa: kuchoma zebaki hadharani, kuichomea kwenye makazi ya watu, na kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki kabla ya kuitoa. Kijiko kile kilikuwa kinavunja mawili kwa mpigo, na aliyekuwa anavuta mvuke wake ni yeye mwenyewe na wale watoto, kabla hata samaki wangu hawajafikiwa. Nilimwambia hivyo. Yule kaka niliyepanda naye alimweleza kuhusu retorti, kile chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke na kuirudisha zebaki kwenye chupa, na hapo macho yalifunguka kidogo, maana zebaki inanunuliwa kwa pesa.

Sipendi wafugaji wenzangu wanaowasema wachimbaji kana kwamba ni adui. Bila dhahabu nani angenunua samaki wetu huku kwa bei ile? Wateja wa kaka yule, ukiondoa hoteli, ni wao. Asubuhi wanamtilia zebaki kijitoni, jioni wanashuka kununua kambale wake.

Bwawa la mlangoni tulilifunga. Kaka alihamishia chanzo cha maji kwenye chemchemi ya upande wa pili wa kilima, akapandisha kingo ili mafuriko ya kijito yasiingie, na kambale wazee wote wakatolewa. Tope tulibishana sana. Majirani walilitaka bustanini kwa kuwa ni jeusi na lina rutuba. Nilikataa. Likazikwa juu, mbali na maji, chini ya udongo wa mfinyanzi, na eneo lake likapandwa miti. Sasa anafuga sato tu, anawalisha chakula cha kuelea kusudi wasichimbe chini, na anawavua wakifikisha ukubwa wa sahani. Samaki aliyekaa miezi michache amekusanya kidogo kuliko aliyekaa miaka, hata maji yakiwa yale yale. Mvua za kwanza zikianza mlango wa maji unafungwa, hata kama bwawa limepungua, mpaka kijito kimalize kujiosha.

Wanaotaka kuchimba mabwawa mapya siku hizi nawaambia wapande kijito kwa miguu kabla ya kununua jembe. Waangalie kuna karasha, marudio, gereji inayomwaga betri, au machimbo ya zamani ambayo mawe yake yameacha ukoko wa rangi ya machungwa majini. Ukoko huo unaonyesha mawe yanatoa tindikali, na tindikali inayeyusha kila metali inayopitia. Kutembea hakuna gharama. Kupima kuna gharama, tena kubwa, na ndiyo inayotugombanisha kwenye kikundi chetu cha bondeni.

Wengine walitaka tuchanganye samaki wa mabwawa yote kwenye mfuko mmoja, tupime mara moja, tugawane bei. Nilipinga, kwa sababu bwawa moja chafu likichanganywa na manne masafi jibu linatoka zuri na mchafu anaendelea kuuza. Wengine walitaka tupime maji kwa kuwa ndiyo rahisi kubeba. Hilo nalo nililipinga, na karatasi ya yule kaka ninatembea nayo kwenye mkoba kwa ajili ya ubishi huo. Tuliafikiana kwamba pesa ikitosha sampuli moja tu kwa kila bwawa, anakwenda kambale mzee kuliko wote. Ikitosha mbili, inaongezwa tope la mlangoni, lililochotwa baada ya mvua. Maji yanakuwa ya mwisho. Kilichobaki ni kumpata mwenye bwawa atakayekubali kambale wake mkubwa akatwe mgongo na kupelekwa Mwanza kwenye barafu, maana wote wanasema wao wameshauza.